Mivukuto

Sentimita nne nukta tisa.
Inka Puustinen, binti wa mashine ya mawimbi,
aliitamka kama anayesoma namba ya basi,
kisha akampa baba karatasi afute jeli tumboni.
Nje ni Februari. Ziwa la Kuopio limeganda,
magari yanakatiza juu yake yamewasha taa.

Baba hakuuliza atakufa lini.
Aliuliza: "Ukuta wake una unene gani?"

Miaka arobaini na mitatu ametengeneza kodiani,
na kila mgonjwa aliyeletwa mezani kwake
ameanza naye hapo, kwenye mivukuto,
kwa kidole gumba, mkunjo baada ya mkunjo.

Daktari Ylönen akachora bomba,
katikati akalitia tumbo,
soksi iliyomezeshwa yai.
Mshipa mkuu, alisema, ujanani una nyuzi zinazonyumbuka:
moyo ukisukuma, unatanuka;
moyo ukipumzika, unarudi.
Nyuzi zile hatuongezewi.
Zinakatika moja moja, kwa miaka, kwa sigara, kwa presha,
na mwili, usiopenda kukaa na tundu,
hushonea uzi mwingine, mnene, mkaidi.

"Gundi," baba akasema.
"Ngozi ikichoka, fundi mvivu hupaka gundi.
Haivuji. Lakini haikunjiki."

Nikauliza mimi, kwa kuwa nilichoka kunyamaza:
tuogope kipi basi, ugumu au ulaini?
Daktari akaizungusha kalamu.
Tunapima upana, alisema, kwa sababu upana unapimika.
Wapo waliopasuka wakiwa wembamba,
wapo waliozeeka na mfuko mkubwa, wakafa kwa kuteleza bafuni.
Ukuta mgumu huenda umejikaza ushike,
huenda umekakamaa uko njiani kukatika.
"Na ule mgumu ukilegea ghafla?"
Kalamu ikatulia.
"Huo," alisema, "ningependa kuuona siku hiyo hiyo."

Usipoziba ufa utajenga ukuta.
Sawa.
Lakini ukuta huu ni nyama,
unagongwa mara sabini kwa dakika
na anayeugonga ndiye anayeulisha.

Usiku ule alishuka karakanani, nami nyuma yake.
Mezani ilikuwapo kodiani ya Tyyne Laukkanen,
nyekundu, vifungo vimekuwa njano kama meno.
Aliinua upande mmoja, akauachia mwingine
ushuke kwa uzito wake, taratibu, bila noti hata moja,
akahesabu kwa sauti.
Ishirini na mbili, nzuri. Kumi na tano, inavuja.
Ilifika kumi na tisa.

"Njoo uguse."
Akaupeleka mkono wangu kwenye kona,
pale kiraka kigumu kinapokutana na ngozi laini.
"Haichaniki katikati ya kiraka, Aune.
Haichaniki kwenye ngozi nzima.
Inachanika hapa,
pakavu panapovutana na panaponepa,
hawakubaliani mwendo."
Hakusema zaidi. Wala hakujishika tumbo.

Sasa vitu vizito nanyanyua mimi.
Kidonge cha presha anakimeza na kahawa,
sigara amezifungia kwenye kopo la misumari
na ufunguo amenipa, ingawa kopo halina kufuli,
ni ufunguo wa baiskeli.
Tunacheka. Akikohoa, tunaacha kucheka.

Jana alilala kwenye kiti, kitabu usoni,
nikainama nikaweka sikio juu ya kitovu chake
kama mtoto anayemsikiliza mtoto.
Palikuwa na kitu kinabisha,
si kwa hasira, kwa desturi,
kinabisha na kufunguliwa,
kinabisha na kufunguliwa.
Nikajikuta nahesabu.
Nilipita ishirini na mbili, nikaendelea.

"Inavuja?" akauliza, macho kafumba.
"Haivuji."
"Basi niletee miwani."

Kalendani, Agosti kumi na moja,
ameandika *kipimo, saa tatu na robo*.
Ameandika kwa penseli,
yeye ambaye bili za wateja wote
huziandika kwa wino.